Shumileta, Nsyuka na bibi wa macho mekundu

Juzi usiku umeme ulikatika hapa Ipuli, tukajazana chumba kimoja kuangalia picha ya kutisha ya Kizungu kwenye laptop yenye chaji. Mzimu unatoka kisimani, nywele zimefunika uso. Hakuna aliyeshtuka! Madogo wakaniuliza (mimi ni mkubwa kwao, nilifundisha shule ya msingi kwanza ndipo nikarudi kusoma digrii) eti sisi wazee tulikuwa tunaogopa nini utotoni. Nikasema ngoja niwaandikie.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa Ipuli, nimezaliwa 1996. Mwaka 2005 mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza: mabenchi ya mbao, magunia madirishani kuzuia mwanga, TV moja ya chogo na deki. Kiingilio shilingi 50. Jasho, moshi wa sigara, na mwenye banda ana fimbo ya kuchapia watoto wanaoongea. Kumbukeni Tanzania bara haikuwa na televisheni hadi 1994, na TVT ya serikali ilianza 2000. Kwa watu wengi wa uswahilini, banda ndiyo ilikuwa sinema yao.

Picha za kutisha zilitujia kwanza kutoka Nigeria. Living in Bondage ya 1992, mtu anamtoa mkewe kafara apate utajiri. Nneka the Pretty Serpent ya 1994. Halafu Karishika, jini mwanamke anayetumwa na Lusifa kunasa roho za watu. Kiingereza chenyewe hatukukijua, lakini kulikuwa na Lufufu, jina lake halisi Derek Gaspar Mukandala, ambaye alikuwa anaingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya picha. Yaani mtu mmoja anaigiza wote, mwanamke, mchungaji na shetani, halafu anaongeza na maneno yake ambayo kwenye picha hayamo kabisa. Kwangu mimi kilichotisha ni sauti ile. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana mavijei wao, kazi ni hiyo hiyo.

Basi Wabongo nao wakaamka. Mussa Banzi akatoa Nsyuka, kisha 2005 Shumileta. Wanyakyusa wenzangu hapa chuoni hawahitaji kuelezwa hilo jina la kwanza, maana kwao abasyuka ni wafu. Shumileta ni jini mwanamke anayempenda binadamu. Mkiangalia leo mtacheka: meno ya bandia, mtu anapotea kwa kukatwa mkanda, rangi zinazowakawaka. Lakini wanaongea Kiswahili! Wanaishi nyumba kama za kina fulani! Hapo hakuna Lufufu wa kukukumbusha kuwa haya ni ya watu wa mbali.

Huwa najiuliza kwa nini sisi wa Tabora, mamia ya kilomita kutoka baharini, tuliwaogopa majini wa pwani kama vile tunakaa Bagamoyo. Nikiwa kwenye somo la historia ndipo nikaanza kuona. Hapa palikuwa kituo kikubwa cha misafara karne ya 19. Burton alifika Kazeh 1857, Stanley alikaa Kwihara 1871, lakini hao ni wageni tu. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu wakarudi na vitambaa, shanga na Kiswahili. Miembe hii tunayoiona ni ya njia ile ile. Neno jini ni la Kiarabu, nalo halikuja huku kwa ndege. Naamini (haya ni maoni yangu, mhadhiri asinikate maksi) babu zetu walirudi na hadithi za majini ndani ya mizigo, Banzi akaja kutukuta tayari tunajua.

Sasa sehemu ambayo juzi sikuwasimulia madogo.

Jirani na banda palikuwa na bibi mmoja, anaishi peke yake, macho mekundu. Siku tulipotoka kuangalia Shumileta giza lilishaingia. Tulikuwa watano. Mmoja akasema yule bibi ndiye mwenye misukule. Tukapita tunapiga kelele, "Mchawi! Mchawi!" Jiwe la bati nilirusha mimi.

Asubuhi mama, sijui nani alimwambia, akanishika mkono hadi mlangoni kwa yule bibi. Akapiga goti. "Wangaluka, mayu." Akaniambia omba msamaha. Bibi hakunigombeza. Alikuwa anapuliza moto wa kuni, moshi umejaa jikoni mpaka mimi mwenyewe nikaanza kutokwa na machozi. Akamwambia mama, "Mtoto hana kosa. Ila wakubwa wakisikia hilo neno, mimi nitalala wapi?"

Mama alilia njia nzima. Mimi sikuelewa. Niliona viboko vimenipita, nikafurahi.

Nimekuja kuelewa maktaba. Simeon Mesaki wa Mlimani aliandika tangu miaka ya 1990 kuhusu mauaji ya vikongwe Usukumani, wengi wanawake, na macho mekundu ya moshi wa kupikia yakihesabiwa kuwa ushahidi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2011 watu kama 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi. 2005, wadau. Mwaka wa Shumileta, mwaka wa jiwe langu.

Yule bibi hakuuawa. Mwaka uliofuata mwanawe alikuja na baiskeli akamhamisha, sikujua wamekwenda wapi. Banda sasa ni duka la M-Pesa. Madogo wanataka nitafute Shumileta tuangalie Jumamosi umeme ukiwepo. Nimewaambia nitatafuta. Bado sijatafuta.