Istilahi za Sheria katika Maelezo ya Polisi: Kutoka Vugiri hadi Mahakama Kuu, 1984–2021

Mtuhumiwa aliyekamatwa Vugiri, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, alihojiwa kwa Kiswahili. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya Mahakama ya Mwanzo, ikakiruhusu katika Mahakama ya Wilaya. Mahakama Kuu ilibaki na Kiingereza. Hivyo, shauri lilipofika huko, neno la askari lilipitia tafsiri kabla ya kupimwa. Mfano mzito ni ungamo. Sheria ya Ushahidi ya 1967, kama ilivyorekebishwa, huutaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba lilitolewa kwa hiari. Lakini hiari haitibu neno lililokosewa: askari akiandika “amekiri kosa” ilhali mtu alikubali tu kwamba alikuwapo, anaweza kumfungulia mlango wa gereza. Kumwita mtuhumiwa “mshtakiwa” kabla ya kufunguliwa mashtaka, kosa lililozoeleka hata magazetini, nako humpa hadhi ya kisheria asiyoifikia. Marekebisho ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, isipokuwa pale haki inapohitaji Kiingereza. Maelezo ya onyo sasa yanaweza kupimwa na Mahakama Kuu, Tanga, kwa maneno yaleyale aliyoyaandika askari.