Ndege za Kukodi na Wajibu wa Shirika la Taifa

Askari aliyewahi kupiga doria Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, ameziona ndege ndogo zikipita juu ya mbuga kuelekea Mweya au Kasese. Ni ndege za kampuni binafsi, na mara nyingine zimekodiwa na watalii wanne au watano tu. Wapo wanaouliza, tena kwa uchungu, kwa nini shirika linalobeba bendera ya taifa halifanyi kazi hiyo.

Swali hilo ni la haki, kwa kuwa usafiri wa anga wa Afrika Mashariki ulianza kwa ndege za kukodi. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi kwa ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, iliyomchukua yeyote mwenye fedha na safari. Vita vilipozuka mwaka 1939, ndege na marubani wa kampuni hiyo walichukuliwa kwa kazi ya jeshi, na kampuni haikufufuka tena.

East African Airways, lililoanza mwaka 1946 likiwa mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilikuwa na wajibu wa namna nyingine. Lilipaswa kuruka kwa ratiba, abiria wawe wengi au wachache. Kazi ya kukodisha iliachiwa zaidi wenye ndege ndogo. Ndivyo mwandishi Ernest Hemingway alivyoanguka na Cessna ya kukodi karibu na Maporomoko ya Murchison mwezi Januari 1954. Alipookolewa alipandishwa ndege nyingine huko Butiaba, nayo ikawaka moto ikijaribu kuruka.

Sababu ya mgawanyo huo mvuvi wa Hamukungu anaijua bila kufundishwa. Anayekodi mtumbwi mzima hulipia pia safari ya kurudi mtupu. Ndege kubwa hugharimu mafuta, mafundi na marubani wa zamu. Ikipelekwa kwa ajili ya mtu mmoja, abiria mia moja waliokwisha kulipa nauli hubaki wakingoja uwanjani. Kwa hiyo mashirika hukodisha ndege nzima kwa mahujaji au timu ya mpira pale ratiba inapoacha nafasi. East African Airways lenyewe, lilipoitaka biashara hiyo, liliunda kampuni ya pembeni, Simbair, mwaka 1971. Isitoshe, kiwanja cha Kasese kilibaki miongo mingi bila lami, na si kila ndege hutua juu ya changarawe na majani.

Lakini Uganda iliwahi kuiona hali iliyo kinyume kabisa. Shirika la Uganda Airlines liliundwa mwaka 1976, na mwaka uliofuata East African Airways likavunjika. Katika miaka hiyo ya utawala wa Idi Amin, ndege za mizigo zilikuwa zikienda uwanja wa Stansted, Uingereza, zikipeleka kahawa ya mkulima na kurudi na pombe kali, redio na mavazi kwa ajili ya maofisa, huku madukani sukari na sabuni zikiwa adimu. Hizo nazo zilikuwa ndege za kukodi, ila aliyezitumia hakulipa, na aliyelipa hakuulizwa. Askari wa kawaida kambini alipata kidogo sana katika shehena ile, ingawa lawama ya wananchi ilimwangukia yeye mwenye sare.

Uganda Airlines lilifungwa mwaka 2001. Lilipofufuliwa mwaka 2019 lilianza na ndege za CRJ900, zenye viti 76 kila moja, za kuruka kwa ratiba kati ya Entebbe na miji ya nchi jirani. Njia ya Mweya na Kasese ilikuwa mikononi mwa kampuni ndogo zenye Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayoridhika na kiwanja cha majani.