Kuahirisha masomo na kurejea chuoni: Mambo ya kuzingatia kwa wanafunzi na wazazi wa Rungwe

Kila mwaka wa masomo, vijana kutoka Tukuyu, Kiwira, Katumba na maeneo mengine ya Wilaya ya Rungwe hujiunga na vyuo vilivyomo wilayani, vilivyopo Jiji la Mbeya umbali wa takriban kilomita 70, na vile vya mikoa mingine. Wapo miongoni mwao wanaolazimika kukatiza masomo kabla ya kuhitimu, kwa ugonjwa, msiba wa mzazi, ujauzito au kukosa ada. Kukatiza masomo kwa sababu hizo si kosa, na kanuni za vyuo nchini zinatambua kuwa hali kama hizo hutokea. Kinachowaponza wengi ni namna ya kuondoka. Mwanafunzi aliyeondoka kwa barua na aliyeondoka kimya hukutana na mambo tofauti kabisa siku wanapotaka kurejea.

Makala haya yanaeleza taratibu za kuahirisha masomo, athari zake katika mkopo wa elimu ya juu, na njia zilizopo kwa waliokaa nje ya masomo kwa muda mrefu.

Maana ya kuahirisha masomo

Kuahirisha masomo ni kibali cha maandishi kinachotolewa na chuo, kinachomruhusu mwanafunzi kukaa nje kwa muda uliotajwa huku nafasi yake ya udahili ikihifadhiwa. Kibali hicho ni tofauti na mambo mengine matatu ambayo wananchi huyachanganya nacho.

Jambo la kwanza ni kuahirisha mitihani. Mwanafunzi aliyehudhuria masomo ya muhula mzima lakini akaugua wakati wa mitihani anaweza kuruhusiwa kuifanya baadaye bila kupoteza mwaka. La pili ni kuacha masomo, ambapo mwanafunzi hukoma kuhudhuria bila taarifa, na chuo, baada ya muda uliowekwa na kanuni zake, humfuta katika orodha ya wanafunzi. La tatu ni kuondolewa chuoni kwa kushindwa mitihani au kwa utovu wa nidhamu, hatua ambayo huamuliwa na vikao vya chuo.

Kanuni za jumla za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kina ndaki ya afya jijini Mbeya, ni mfano mzuri wa namna suala hili linavyoshughulikiwa. Kanuni hizo zinataja afya mbaya, matatizo makubwa ya kijamii na matatizo makubwa ya ufadhili kuwa sababu zinazoweza kukubaliwa, na zinamtaka mwanafunzi kuwasilisha ushahidi wa kuridhisha pamoja na idhini ya maandishi ya mfadhili wake. Vyuo vingine vina kanuni zake, ambazo kwa kawaida huchapishwa katika kitabu cha mwongozo wa mwanafunzi. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi anashauriwa kusoma kanuni za chuo chake mwenyewe badala ya kutegemea maelezo ya mwenzake wa chuo kingine.

Kukaa nje ya masomo katika historia ya nchi

Historia ya elimu nchini inaonyesha kuwa mwanafunzi kukaa nje ya masomo na kisha kurejea si jambo geni. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kujiunga na chuo kikuu, kwa lengo la kuwafanya waingie chuoni wakiwa na uzoefu wa maisha na uzalishaji. Machi 2020, Serikali ilifunga shule na vyuo vyote nchini kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, na vyuo vikafunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020.

Novemba 2021, Serikali ilitangaza uamuzi wa kuwaruhusu wanafunzi wa shule za msingi na sekondari waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi. Uamuzi huo ulitolewa kupitia Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, na mwongozo wa utekelezaji ukafuata mwaka 2022. Waraka huo unahusu shule. Kwa upande wa vyuo, kurejea kunasimamiwa na kanuni za kila chuo.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni kutoa taarifa mapema. Mwanafunzi anatakiwa kuonana na Mshauri wa Wanafunzi na Mkuu wa Idara yake kabla ya kuondoka. Pale anapokuwa ameondoka kwa dharura, kama vile kulazwa hospitalini au kufiwa, mzazi au ndugu anaweza kufikisha taarifa kwa niaba yake, na maombi rasmi yakafuata.

Hatua ya pili ni kuandika barua ya maombi kupitia ngazi zilizowekwa, kuanzia idara hadi kwa Msajili au ofisi inayosimamia taaluma. Barua itaje jina kamili, namba ya usajili, programu, mwaka wa masomo, sababu ya kuomba, na tarehe anayokusudia kurejea.

Hatua ya tatu ni kuambatanisha ushahidi. Kwa mgonjwa, ni taarifa ya kitabibu kutoka hospitali inayotambulika, ikiwemo Hospitali ya Wilaya iliyopo Makandana. Kwa aliyefiwa, cheti cha kifo hushughulikiwa wilayani kupitia Ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya kwa niaba ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Kwa mwenye tatizo la ada, barua ya Mtendaji wa Kijiji au Kata na maelezo ya Afisa Ustawi wa Jamii husaidia kuonyesha hali ya kaya. Kughushi nyaraka yoyote kati ya hizo ni kosa la jinai.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo hupuuzwa zaidi, ni kusubiri jibu la maandishi na kulitunza. Kuwasilisha maombi hakumaanishi kuwa yamekubaliwa. Barua ya kibali ndiyo itakayoulizwa mwaka mmoja baadaye, pengine na mtumishi mpya ambaye hakushughulikia suala hilo tangu mwanzo.

Wakati wa kuondoka una uzito

Katika mfumo wa vyuo vikuu nchini, shahada ya kwanza ya miaka mitatu huhitaji angalau krediti 360, yaani wastani wa krediti 120 kwa mwaka au 60 kwa muhula. Mwanafunzi anayemaliza mitihani ya muhula kisha akaahirisha huondoka na krediti za muhula huo zikiwa zimehesabiwa. Anayeondoka katikati ya muhula, hata kama zimebaki wiki chache, kwa kawaida huurudia muhula wote.

Aidha, masomo mengi hufundishwa mara moja kwa mwaka. Aliyekatiza muhula wa kwanza hawezi kurejea muhula wa pili na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea, bali husubiri hadi muhula kama ule uliokatizwa ufunguliwe tena mwaka unaofuata. Familia inayofikiria kumwita kijana nyumbani ili asaidie shughuli za msimu wa chai, ndizi au parachichi inapaswa kujua kuwa wiki sita za kazi shambani zinaweza kugharimu mwaka mzima wa masomo. Hali ikiruhusu, ni vyema mwanafunzi akamilishe muhula alionao kwanza.

Mkopo wa elimu ya juu

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, hutoa fedha kwa mwanafunzi aliyesajiliwa na anayeendelea na masomo. Anapoahirisha, malipo husitishwa. Mnufaika anatakiwa kumjulisha Afisa Mikopo wa chuo chake na kumpatia nakala ya kibali, ili taarifa zake katika Bodi zionyeshe kuwa ameahirisha na hajaacha masomo. Fedha za kujikimu hazipaswi kupokelewa na mtu ambaye hayupo masomoni.

Tofauti ya maneno hayo mawili ina athari kubwa kwa kaya. Mnufaika anayehitimu au kukatisha masomo anapaswa kuanza kurejesha mkopo baada ya miezi 24, na kwa aliye katika ajira makato ni asilimia 15 ya mshahara. Aliyeondoka kimya huhesabiwa kuwa amekatisha. Deni lake huanza kudaiwa hata kama hana shahada wala kazi, na anapopata udahili mpya, miongozo ya mikopo humtaka kwanza arejeshe sehemu ya fedha alizokwisha kupokea. Kubadili chuo hakufuti deni, kwa kuwa Bodi humtambua mnufaika kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne.

Kwa mwanafunzi ambaye awali hakuwa na mkopo na hali ya kaya yake imebadilika, kwa mfano kwa kufiwa na mzazi, dirisha la maombi la mwaka unaofuata huwahusu pia wanafunzi wanaoendelea na masomo. Vyeti vya vifo na vya kuzaliwa vinavyotumika katika maombi hayo huhakikiwa na RITA, hivyo ni vyema vikashughulikiwa mapema.

Vyuo vya kati

Wilaya ya Rungwe ina Chuo cha Ualimu Tukuyu na Chuo cha Ualimu Mpuguso, na vijana wengi husoma katika vyuo vya afya, kilimo na biashara mkoani Mbeya. Vyuo vya kati husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), lililokuwa likijulikana kama NACTE hadi mwaka 2021. Mfumo wake una ngazi: ya 4 na ya 5 kwa astashahada, na ya 6 kwa stashahada. Katika programu zinazotoa tuzo kwa kila ngazi, mwanafunzi aliyekamilisha ngazi moja anaweza kusimama hapo akiwa na cheti na kurejea baadaye kuanzia ngazi inayofuata. Kwa mwenye shida ya ada, kukamilisha ngazi aliyonayo ni salama kuliko kuondoka katikati yake.

Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, HESLB ilianza pia kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Wazazi ambao watoto wao waliacha vyuo vya kati kwa kukosa ada kabla ya utaratibu huo wanashauriwa kusoma mwongozo wa mwaka husika.

Kurejea chuoni

Muda wa kibali unapokaribia kwisha, mwanafunzi anatakiwa kukiarifu chuo kwa maandishi kwamba anarejea, tena kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa. Aliyeondoka kwa ugonjwa huombwa taarifa ya daktari inayothibitisha kuwa ana uwezo wa kuendelea. Ada ya mwaka atakaorejea ndiyo itakayotumika. Iwapo mtaala umebadilika, idara humwelekeza masomo ya kuziba pengo. Asiyeweza kurejea kwa tarehe iliyotajwa aombe kuongezewa muda kabla tarehe hiyo haijapita, kwa kuwa kanuni huweka ukomo wa muda wa kukaa nje.

Baba au mama mlezi naye ana nafasi yake. Katika jamii ya Rungwe, msiba wa mwenye kaya humwachia mtoto mkubwa majukumu ya shamba, ng'ombe na wadogo zake. Ukoo unapokaa baada ya matanga kugawana majukumu hayo, suala la tarehe ya kijana kurejea chuoni liwe mojawapo ya mambo yanayoamuliwa, na jina la atakayeshika nafasi yake nyumbani litajwe. Bila uamuzi huo, mwaka mmoja wa kuahirisha hugeuka miaka mitano.

Kwa waliokaa nje muda mrefu

Mtu aliyefutwa katika orodha ya chuo bado ana njia. Anaweza kuomba udahili upya, akianza kwa kupata barua na matokeo yake kutoka chuo cha awali, kwa kuwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hairuhusu mtu mmoja kuwa na udahili katika vyuo viwili kwa wakati mmoja. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo Mbeya, humwezesha mwananchi kusoma huku akiendelea na kazi na malezi. Upo pia utaratibu wa TCU wa kutambua maarifa yaliyopatikana nje ya mfumo rasmi.

Kwa wasiomaliza sekondari, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hutoa masomo kwa njia mbadala, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, kikiwemo cha Katumba wilayani Rungwe, hupokea vijana wanaotaka ujuzi wa kazi. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, vyuo hivyo vimewapokea wasichana waliokatiza masomo pamoja na watoto wao.

Wananchi wanakumbushwa kuwa huduma ya ushauri katika ofisi za Msajili na Mshauri wa Wanafunzi haitozwi malipo, na kwamba maombi ya kuahirisha au kurejea hayahitaji dalali. Mwanafunzi aliyekwishaondoka bila barua asisubiri mwaka mpya wa masomo. Akiandike chuo chake sasa, aeleze ukweli wa kilichotokea na kuambatanisha ushahidi alionao, kwa kuwa kila muhula unaopita bila taarifa hupunguza uwezekano wa nafasi yake kuwepo.