Steven A. Rosenberg

Steven A. Rosenberg (alizaliwa New York, 2 Agosti 1940) ni daktari mpasuaji wa Marekani na mmoja wa waanzilishi wa tiba ya saratani inayotumia kinga ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kisha akapata shahada ya uzamivu Harvard. Mwaka 1968 alimhudumia mgonjwa ambaye saratani yake ya tumbo ilikuwa imetoweka bila matibabu. Tukio hilo lilielekeza utafiti wake kwenye kinga ya mwili.

Mwaka 1974 alikabidhiwa uongozi wa upasuaji katika Taasisi ya Taifa ya Saratani, Bethesda. Baada ya wagonjwa wengi aliowatibu kutopona, mwaka 1984 mgonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi, alipona kwa interlukini-2, protini inayochochea seli T, ambazo ni seli za kinga ya mwili. Mwaka 1988 alionyesha mbinu nyingine: seli T zilizopenya ndani ya uvimbe hutolewa, huzalishwa kwa wingi maabarani, kisha hurudishwa mwilini. Februari 2024 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya aina hiyo, kwa wagonjwa wa melanoma.