SUNDAY MANARA NA DARAJA LA PILI LA ULAYA

Wanafunzi wa shule yetu wanapokutana na wale waliowatangulia, ubishi wa kandanda hauchelewi. Vijana humtaja Mbwana Samatta, aliyeingia Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Wazee humtaja Sunday Manara, na hapo vijana hucheka: "Huyo si alicheza daraja la pili tu?"

Ni kweli. Heracles ya Almelo, iliyomchukua mwaka 1977, ilikuwa daraja la pili la Uholanzi, ingawa iliwahi kuwa bingwa wa nchi hiyo mwaka 1927 na 1941. Lakini ndugu zangu wadogo hawaulizi mtu huyo alifikaje huko.

Hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Agosti 10, 1974, katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Simba waliongoza kwa bao la Adam Sabu hadi dakika za mwisho. Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Manara akapachika la ushindi: Yanga 2, Simba 1. Mwaka uliofuata, huko Zanzibar, ni hao hao wawili walioilaza Simba 2-0 katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Kwa akili yake uwanjani aliitwa "Kompyuta". Jina lina kichekesho chake, maana mwaka huo huo wa 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Watu wengi walimjua Kompyuta wa Yanga kabla ya kuiona mashine yenyewe.

Kandanda yetu ilikuwa ya ridhaa. Mchezaji alikuwa na kazi yake, na jioni akaenda mazoezini. Kuishi kwa mguu wake lilikuwa jambo geni kabisa. Mtanzania wa kumwuliza habari za mpira wa kulipwa wa Ulaya hakuwapo, kwa kuwa Manara ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza. Nasi huku Songea tulitegemea Redio Tanzania, nayo ilitutangazia Yanga na Simba, si Heracles. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Aliyekwenda ng'ambo alipotea masikioni mwetu.

Kutoka Uholanzi alikwenda New York Eagles, katika ligi iliyokuwa chini ya ile aliyoichezea Pele akiwa na Cosmos. Kisha St. Veit ya Austria, kisha Al Nasr ya Dubai. Ndugu yake Kassim naye akacheza Austria. Kwangu mimi hilo la Kassim ndilo jibu la ubishi: daraja lile la pili lilipitisha na mwingine.

Hapa kwetu Wanalizombe wa Majimaji nao wana habari zao, nyingi zikiwa vichwani mwa wazee tu. Mwenye nakala za Uhuru au Mzalendo za miaka hiyo, zenye kurasa za michezo, azilete maktaba ya shule kabla mchwa hawajazimaliza.