Fungate Kiboko

Picha ilinifikia saa tano usiku kwa WhatsApp, bila salamu. Hoteli ndogo iliyochongwa kwenye ukingo wa jabali, kuta nyeupe pe, mlango wa samawati, kidimbwi cha kuogelea kama kinaning'inia juu ya bahari. Chini ya picha mpenzi wangu alikuwa ameandika neno moja: "Fungate?"

Tulikuwa tumemaliza ntheo wiki mbili zilizotangulia. Mbuzi walishafika kwao Kitui, wazee wakaridhika, na kwa mila ya Wakamba tulikuwa tayari mtu na mkewe. Kilichobaki ni raha. Kisiwa chenyewe ni Santorini, Ugiriki. Nikachukua kalamu. Ada ya viza ya Schengen peke yake ni euro 90 kwa kila mtu, na ukinyimwa hurudishiwi. Bado bima, taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, ndege mpaka Athens, kisha ndege nyingine au feri. Nikaweka kalamu chini. Mimi kwetu ni Makueni, kwa hivyo nikamjibu: "Mwendwa, na tukienda Kiboko?"

Alinyamaza siku nzima. Jioni akaandika: "Kiboko ya Mombasa Road? Pale malori yanasimama?"

Ndiyo, pale pale. Lakini swali lake lilikuwa la haki. Mtu akikuomba kisiwa ukampa kituo cha malori, lazima ujieleze. Nikaamua kusoma historia ya kwake na ya kwangu, niziweke mbele yake, tuamue.

Tuanze na neno. Fungate, kwa Waswahili wa pwani, ni zile siku saba baada ya harusi. Maarusi walikaa ndani. Hawakusafiri kwenda kokote. Dunia ndiyo iliyowajia, kwa sinia la chakula na maji ya kuoga yenye manukato. Haya mambo ya kupanda ndege ili mkapendane ni mageni kwetu, na hata huko Ulaya hayakuwahi kuwa ya kila mtu. Watu wa Santorini wenyewe hawakuwa na habari nayo.

Zile nyumba nyeupe zilizochimbwa kwenye ukingo wa kijiji cha Oia zilikuwa za maskini. Manahodha na wenye meli walijenga majumba juu, penye nafasi. Mabaharia wa kawaida walichimba mapango kwenye majivu magumu ya volkano, kwa sababu kuchimba kulikuwa rahisi kuliko kununua mbao na mawe. Maji yalikuwa ya shida. Mvua ilikingwa kwenye visima vya chini ya nyumba. Kisha tarehe 9 Julai 1956 tetemeko kubwa likapiga. Watu zaidi ya 50 walikufa, nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupasuka, na wengi wa waliosalia wakahama kutafuta maisha kwingine. Oia ikabaki nusu gofu. Kuanzia miaka ya 1970 shirika la utalii la serikali ya Ugiriki lilianza kukarabati yale mapango na kuyageuza nyumba za wageni. Chumba anachokitamani mpenzi wangu, kwa ufupi, huenda kilikuwa jiko la mke wa baharia ambaye siku moja alifunga mlango asirudi.

Sikumwambia hivi ili kumharibia. Nilimwambia kwa sababu Kiboko nako kuna mlango wa namna hiyo.

Kwanza uzuri wake, kwa sababu upo. Ukitoka Nairobi, ukapita Sultan Hamud na Emali, kilomita kama 160 hivi, unaona upande wa kulia vilima vya Chyulu. Navyo ni volkano, tena changa. Baadhi ya lava yake ina umri wa miaka mia chache tu. Juu ya Chyulu hakuna mto. Mvua ikinyesha huzama yote kwenye mawe yale yenye vitundu, ikasafiri chini kwa chini, kisha ikaibuka kama chemchemi huku nyikani: Kiboko, Makindu, Kibwezi, na Mzima kule Tsavo, ambako sehemu ya maji ya Mombasa hutoka. Santorini ina volkano bila maji. Makueni, nchi tunayoambiwa kila mwaka kwamba ni ya ukame, volkano yake inatoa maji baridi, safi. Pale Kiboko yamezuiwa yakawa bwawa, migunga ya rangi ya manjano imelizunguka, na ndege ni wengi. Kando ya bwawa kuna hoteli. Jina lake ni Hunter's Lodge.

Watu wengi hudhani ni jina tu la kitalii, hoteli ya mwindaji fulani. Kumbe ni jina la mtu: John Alexander Hunter, Mskoti aliyezaliwa 1887, akafika Kenya 1908, akafanya kazi kwenye reli kabla hajawa mwindaji wa kulipwa. Alipozeeka alijenga hoteli hii karibu na maji, na alifariki 1963. Lakini kabla ya hoteli alikuwa amefanya kazi nyingine katika nchi hii ya Makueni. Kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946, kwa kazi ya idara ya wanyamapori ya serikali ya kikoloni, aliwaua faru 996.

Rudia kuisoma hiyo namba. Faru weusi wote walioko Kenya leo, nchi nzima, hifadhi zote zikijumlishwa, ni zaidi ya 1,000 kidogo. Mtu mmoja, wilaya moja, miaka miwili na ushee.

Hapa ndipo hadithi hii husimuliwa nusu. Husemwa kwamba faru waliuawa ili Wakamba wapate mashamba, na msikilizaji huachwa na picha ya kabila lenye watoto wengi lililomaliza wanyama. Lakini kwa nini Wakamba walihitaji mashamba kwenye kichaka cha mbung'o na faru? Kwa sababu mashamba mengine yalikuwa yamechukuliwa. Milima ya Mua ilipewa walowezi. Uwanda wa Yatta, ambako watu walizoea kupeleka ng'ombe wakati wa kiangazi, ulitangazwa kuwa ardhi ya serikali. Watu na mifugo wakabanwa kwenye eneo dogo lililoitwa rizavu, udongo ukachoka, mmomonyoko ukaanza. Mwaka 1938 serikali ikasema tatizo ni ng'ombe wengi, ikaanza kuwachukua na kuwauza kwa lazima, huku kiwanda cha nyama kikiwa kimefunguliwa Athi River.

Ndipo Muindi Mbingu alipotokea, yule ambaye sisi tunamjua kama jina la barabara unayokatiza ukienda City Market. Aliwaongoza Wakamba, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kumwona gavana, na wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Hawakubeba silaha, walikaa tu, wakakataa kuondoka. Kabla mwaka haujaisha serikali ilirudi nyuma na kuacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu. Lakini Mbingu mwenyewe alikuwa ameshakamatwa na kuhamishwa. Unajua walimpeleka wapi? Lamu.

Nilipofika hapo nilimpigia mpenzi wangu simu, maana Lamu ndiyo ilikuwa chaguo lake la pili baada ya Santorini. Kisiwa kile kile cha nyumba za matumbawe, vibaraza vya baridi, dau la machweo na picha za miguu miwili kwenye mchanga, kwa serikali ya 1938 kilikuwa mahali pa kumtupia Mkamba ili watu wake wamsahau. Alicheka, kisha akanyamaza. "Kwa hivyo hakuna mahali pazuri ambapo hapana kitu?" akauliza. Nikamwambia, subiri nimalize.

Baada ya 1938 serikali ilijua kwamba ng'ombe hawakuwa shida peke yao. Ardhi ilikuwa shida. Lakini kuwarudishia watu Mua au Yatta yote ilikuwa ni kuwaudhi walowezi. Njia nyepesi ilikuwa kufungua Makueni, nchi iliyokuwa na mbung'o wa kuua ng'ombe na faru wa kuwatishia vibarua waliokuja kufyeka. Ndiyo sababu Hunter aliitwa. Hata baada ya faru kuisha, watu wengi mwanzoni walikataa kuhamia. Walihofia kwamba wakishafyeka, mzungu atakuja kuchukua, na kusema ukweli hofu hiyo ilikuwa na historia nyuma yake. Waliokubali walikuta masharti: idadi ya mifugo, namna ya kulima, matuta ya kuzuia udongo.

Susu yangu aliletwa Makueni akiwa msichana mdogo, miaka ya 1950. Anachokumbuka zaidi ni moshi, vichaka vikichomwa kila upande, na baba yake akihesabu mbuzi mara mbili mbili kwa kuogopa afisa. Faru hakuwahi kumwona hata mmoja. "Tulikuta mifupa," huwa anasema, kama mtu anayekuelezea fanicha zilizoachwa na mpangaji aliyehama.

Hunter mwenyewe, kwenye kitabu alichokitoa 1952, anajiuliza kama ilistahili kuua wanyama wa ajabu namna ile kwa ajili ya ekari chache za watu wanaozidi kuongezeka. Majuto yake nayaheshimu. Lakini hao wanaoongezeka ni susu yangu. Ni mimi. Hauoni shida iko wapi? Kwenye majuto hayo yumo faru na yumo Mkamba, wanapigania ekari, na yule aliyechukua Mua hayumo kabisa. Ametoka kwenye picha, kama mpiga picha anavyotoka.

Basi hoteli ikajengwa. Wasafiri wa Mombasa, enzi ambazo safari ilikuwa ya vumbi na ya siku nzima, walisimama pale kunywa chai kando ya maji. Wakati wa ukoloni hoteli nyingi za nchi hii zilimjua Mwafrika kama mpishi, dobi au mhudumu tu. Wakamba kando ya barabara hii waliuza vinyago, swala na twiga wa mbao. Hata faru. Nimefikiria sana kuhusu mtu aliyekaa kwenye kivuli akichonga faru wa kumuuzia mgeni, mahali ambapo faru wa kweli wamebaki mifupa.

Mpenzi wangu alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali ambalo nadhani wengi wa rika letu wangeuliza: "Sasa unataka tuende fungate, ama tuende matanga?"

Jibu langu ni hili. Nataka tuende fungate. Muindi Mbingu hakwenda Nairobi kudai huzuni. Alidai watu wake waachiwe ng'ombe wao, waishi kwa nafasi, wasihesabiwe kila wanapogeuka. Kupumzika kando ya maji ya nchi yako, ukalipia chumba kwa pesa yako, ukaamka saa tatu bila mtu kukuuliza unatafuta nini, ni sehemu ya kile kilichodaiwa. Babu zetu walipita hapo nje barabarani. Sisi kuingia ndani tukijua tunaingia wapi si dharau kwao. Dharau ni kuingia tukidhani historia ya mahali ilianza siku hoteli ilipofungua ukurasa wa Instagram.

Na Santorini? Siichukii. Siku tukiipata tutaenda, na tutamkumbuka mke wa baharia.

Mpango wetu, kwa sasa, uko hivi. Ijumaa tunapanda treni ya SGR ile inayosimama vituo vyote, tunashuka Emali, tunachukua matatu mpaka Kiboko. Usiku mbili kando ya bwawa. Jumamosi mchana susu analetwa kula nasi; amepita pale nje maisha yake yote na hajawahi kuingia. Jumapili tunasimama Makindu, kwenye hekalu la Masingasinga lililojengwa miaka ya 1920, ambako msafiri yeyote hupewa chakula bila kudaiwa senti. Nimemwambia mpenzi wangu kwamba hiyo pia ni hoteli, tena ina falsafa kuliko zote. Kisha Kibwezi, tukate kushoto barabara ya Mutomo, lami siku hizi, mpaka Kitui kwao. Huko anataka tupande jiwe la Nzambani, lile ambalo wazee husema ukilizunguka mara saba mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Amesema tutalizunguka mara sita.

Jana usiku alinitumia picha nyingine. Ile migunga ya manjano, maji, ndege mweupe amesimama kwa mguu mmoja. Chini yake aliandika: "Uliza kama susu anakula samaki."