Zoezi Lipi Hilo?

Ghorofa lilipoanguka Kariakoo, Novemba 16, 2024, vyombo vya habari vilikaa na sentensi moja kwa siku kadhaa mfululizo: zoezi la uokoaji linaendelea. Sikumsikia hata mtu mmoja akiuliza ni zoezi gani hilo. Watu walikuwa chini ya kifusi, ndugu zao wakikesha pembeni, na neno zoezi likapita masikioni mwetu bila kukwaruza. Tuna zoezi la chanjo, zoezi la sensa, zoezi la uandikishaji wa wapigakura, zoezi la bomoabomoa. Aliyewahi kupitiwa na hilo la mwisho anajua kwamba tingatinga halikuja kujaribu.

Asili yake ni kuzoea. Zoezi ni kile kinachomzoeza mtu jambo kabla halijamfika. Mtoto wa darasa la nne akiona ubaoni "Zoezi la 3" analielewa hivyo, na timu ikiwa mazoezini hakuna shabiki anayedai pointi. Hapo pana jambo dogo la sarufi ambalo hatulisemi sana: wingi umebaki na maana ya zamani, umoja umehama. Mazoezi ni kujinoa. Zoezi, likifuatiwa na "la" na kazi yoyote ya serikali, ni kazi yenyewe.

Kwa mwandishi wa habari hilo si tatizo. Kwa anayepanga mafunzo ya kukabiliana na maafa ni tatizo kubwa, na mahali pazuri pa kulitazama ni Handeni na Korogwe.

Hizi ni wilaya mbili za Mkoa wa Tanga zenye halmashauri nne, kwa kuwa kila moja ina halmashauri ya wilaya na ya mji. Barabara ya lami ya kilomita 65 imeunganisha miji yake mikuu, lakini kinachoziunganisha zaidi ni hatari zinazovuka mpaka bila kuuliza. Barabara kuu itokayo Chalinze inapita Mkata, Kabuku na Segera, upande wa Handeni, ndipo inagawanyika: kulia Tanga, kushoto Korogwe na Mombo hadi Moshi na Arusha. Malori yanayobeba mafuta kutoka bandari ya Tanga kwenda kaskazini hupita humo humo. Usiku wa Februari 3, 2023, pale Magila Gereza wilayani Korogwe, Coaster iliyobeba waombolezaji na mwili wa marehemu kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro iligongana na Fuso. Watu 17 walipoteza maisha, na idadi ikapanda baadaye. Mto Pangani nao unapita Korogwe, lakini maji yake husukumwa hadi Handeni kwa mradi ambao wenyeji wanauita HTM, kwa hiyo kinachomwagika mtoni upande mmoja kinaweza kunywewa upande wa pili. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, linakatiza wilaya zote mbili. Na ukame wa Handeni una historia ndefu kuliko hayo yote.

Sasa tuseme halmashauri hizo nne zimekaa pamoja na kuandaa mafunzo ya siku moja: lori la mafuta limepinduka Segera, kuna majeruhi, watu wanakimbilia na madumu kama walivyokimbilia pale Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ambako moto uliua watu zaidi ya 100. Katika mazoezi ya namna hii kuna utaratibu unaofuatwa sehemu nyingi duniani: kila ujumbe wa simu au wa redio hufungwa kwa tamko kwamba hili si jambo la kweli. Wajapani wana siku yake, Septemba 1, wakikumbuka tetemeko la Kanto la mwaka 1923, na vipaza sauti vyao hutangaza kwamba haya ni mafunzo, kisha hurudia. Mfasiri wetu akiletewa mwongozo huo ataandika bila kusita: "Hili ni zoezi."

Msikilizaji wa Segera ataelewa nini? Kwa Kiswahili alichofundishwa na redio, ameambiwa kwamba kazi ya uokoaji imeanza. Dereva wa bodaboda atawasha pikipiki. Mama mwenye mtoto kwenye basi lililotoka Dar es Salaam asubuhi atapiga simu huku mikono ikitetemeka. Halafu jioni ataambiwa kwamba hapakuwa na lolote. Mwezi unaofuata lori likipinduka kweli, naye akasikia kwamba zoezi la uokoaji linaendelea Segera, ana sababu nzuri kabisa ya kuendelea kumenya mihogo. Neno moja limemtisha pasipo na jambo, na likamtuliza penye jambo.

Tutafute lingine, basi. Kamusi zina tamrini, neno zuri lenye asili ya Kiarabu, lakini ukilitamka Kabuku utaulizwa kama ni aina ya dawa. Igizo linaeleweka haraka mno: watu watakuja na viti, wakitarajia vichekesho, na aliyelazwa chini kama majeruhi atachekwa hadi na yeye acheke. Jaribio lina mtego wake, maana tunalo jaribio la wizi na jaribio la mapinduzi, na "jaribio la uokoaji" linasikika kama uokoaji ulioshindikana. Majaribio, kwa wingi, yanafaa zaidi, ila yananuka maabara kidogo. Mimi nachagua mazoezi, kwa wingi uleule ambao kila mpenda mpira anauelewa, na nachagua kwa sharti: neno lisiachwe peke yake. "Haya ni mazoezi. Hakuna ajali." Sentensi ya pili ndiyo inayofanya kazi. Ya kwanza inamridhisha mwandishi wa mwongozo.

Kuna nomino nyingine katika miongozo hii inayonichekesha: zoezi la mezani, yaani lile ambalo viongozi wanakaa na ramani na kuulizana nani atafanya nini. Kwetu mezani ni mahali pa kula, na meza kuu ni mahali pa wakubwa. Unganisha hayo mawili na utapata picha ambayo wananchi wanayo tayari kuhusu semina. Shule zetu zimekwishatupa jozi isiyohitaji tafsiri, nadharia na vitendo. Mazoezi ya nadharia, mazoezi ya vitendo. Imetosha.

Sheria zetu za maafa zenyewe zimehangaika na majina. Ya mwaka 1990 ilihusu uratibu wa misaada ya maafa, na ukiisoma kwa sikio la mtu wa kijijini inaahidi mablanketi na mahindi: maafa yatafika, kisha misaada itaratibiwa. Ya mwaka 2015 ikaleta menejimenti. Ya sasa, Na. 6 ya mwaka 2022, ni ya usimamizi wa maafa. Safari hiyo ina maana, kwa kuwa kazi imepanuka kutoka kugawa hadi kuzuia, kujiandaa, kukabili na kurejesha hali. Hata hivyo "usimamizi wa maafa" bado unanikera kidogo. Msimamizi wa mtihani huhakikisha mtihani unafanyika vizuri. Maafa hatutaki yafanyike vizuri.

Maafa na janga nayo yana mpaka wake. Wataalamu wengi hulitumia janga kwa kile kinachoweza kuleta madhara, kama mafuriko au ukame, na maafa kwa madhara yenyewe yanapozidi uwezo wa jamii iliyokumbwa. Ni tofauti yenye faida, ila mtaani majanga ni mchumba aliyekimbia au mshahara uliochelewa. Dharura imeshuka zaidi. Ofisini ni neno la kuombea ruhusa, na "nimepata dharura" huweza kuwa msiba, huweza kuwa mechi.

Hadi hapa nimesema maneno ambayo yangeweza kumsumbua mpangaji wa mkoa wowote. Yapo matatu ambayo huku Handeni na Korogwe yana uzito wa pekee.

La kwanza ni kuhama. Mpango wowote wa kukabiliana na mafuriko una sura ya kuwahamisha watu, na sentensi "wananchi watahamishwa" huandikwa kwa nia njema. Lakini wazee wa huku wanaikumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na tangu Juni 2022 kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, kimepokea kaya kutoka Ngorongoro chini ya kauli rasmi ya kuhama kwa hiari, kauli iliyozua ubishi mkubwa ndani na nje ya nchi. Hapa kuhama si kwenda shuleni kulala siku mbili mpaka maji yapungue. Ni kuacha makaburi.

Mpangaji mwerevu ataruka hapo na kushika kupisha: wananchi wapishe maji. Neno tamu, lenye adabu ya Kiswahili ndani yake. Bahati mbaya limeshachukuliwa. Bomba lilipopita, waliotoa ardhi waliitwa wananchi waliopisha mradi, na aliyepisha hakurudi. La tatu ni tathmini. Baada ya mazoezi lazima kuwe na tathmini, kila mwongozo unasema hivyo. Katika vijiji vilivyopitiwa na bomba, tathmini ni mtu mwenye daftari anayehesabu miembe yako kabla ya fidia. Mtangazie mkazi wa huko kwamba kesho kuna tathmini ya zoezi la kuhama, na usishangae akifika na hati zake zote.

Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuacha nomino na kushika kitenzi chenye mahali ndani yake. Ondokeni bondeni, nendeni shuleni, mtarudi maji yakishuka. Baada ya mazoezi, kaeni mseme kilichokwenda vizuri na kilichoharibika. (Asije mtu akapendekeza kujisalimisha. Kwa sarufi ni kujiweka salama, kwa matumizi ni kwenda kituo cha polisi mikono juu.)

Si kila kitu kimeharibika. Mamlaka ya Hali ya Hewa imefanya kazi ambayo naisifu bila kunung'unika: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Hakuna neno lililokopwa jana, na ngazi zinapandana. Angalizo linatokana na kuangalia, na ndicho unachotakiwa kufanya: fungua macho, usikimbie bado. Mafunzo ya Handeni na Korogwe yangeanza na ngazi hizo tatu, kwa sababu watu tayari wanazisikia wakati wa masika na vuli.

Vilevile tuna mbiu ya mgambo. Methali inajulikana, kwamba ikilia kuna jambo, lakini mgambo wenyewe umebadilika: zamani ulikuwa tangazo, leo ni askari wa akiba, na huko Handeni ni jina la kambi ya JKT. Mbiu ilikuwa pembe ya nyati. Aliyeisikia hakuhitaji kamusi, na kijiji chenye mtandao dhaifu wa simu kingefaidika na sauti moja iliyokubaliwa ambayo haitumiki kwa harusi wala kampeni.

Na waokoaji wa kwanza ni nani? Miongozo ina majina marefu. Magazeti yanawaita wasamaria wema, na hapo magazeti yamewashinda wataalamu, maana kila msomaji anamwona mtu aliyesimama barabarani. Tatizo la msamaria ni kwamba anaonekana kupita kwa bahati, ilhali dereva wa bodaboda wa Segera hakupita, yupo pale kila siku. Yeye na muuza machungwa ndio wanaofika kabla ya gari la zimamoto, ambalo wao wanaliita faya. Anayepanga mafunzo bila kuwaita kwa jina la kazi yao, na bila kuwaeleza habari za PF3, fomu ya polisi inayowatia wasiwasi wanapombeba majeruhi, anafundisha watu wasiokuwapo.

Jambo la mwisho ni majina ya maafa yenyewe. Simulizi za Wazigua, wenyeji wa Handeni, zinaitaja njaa ya karne ya 19 kwa jina la Kidyakingo, njaa ya kula ngozi. Ndiyo inayotajwa kila yanapozungumzwa masaibu ya Wazigua waliouzwa utumwani hadi bonde la Juba, Somalia, ambao baadhi ya wazao wao walirudi Handeni wakikimbia vita na kupewa makazi Chogo. Leo taarifa zetu zingesema "upungufu wa chakula". Kidyakingo ni neno moja, na ndani yake mna kipimo, onyo na kumbukumbu. Mazoezi ya Segera nayo yapewe jina litakalokumbukwa na mtoto, si namba ya jalada.

Kwa hiyo ninawaomba wanaoandaa mpango wa mkoa: kabla haujapigwa muhuri, kurasa za istilahi zisomwe kwa sauti kwenye mikutano ya vijiji vya Segera, Mkata, Mombo na Magila. Neno litakaloleta swali "lipi hilo?" libadilishwe hapo hapo. Na ninyi wasomaji wa huko, siku mtakapotangaziwa mazoezi, msiipige 114 kwa kujaribu. Namba hiyo ya Zimamoto na Uokoaji iacheni kwa mwenye moto.